Karatasi ya Msaragambo

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimeanza kuandika kwa sababu Asheri amechoka kunisikiliza. Jana ameniambia, kwa upole tu, kwamba hofu zangu niziandike mahali, yeye ana shamba la kuamkia. Basi nimechukua daftari la kiwandani la kuhesabia kreti, lililobaki tangu mwaka jana, na hakuna aliyeliulizia.

Hofu ya leo ni hii. Ofisi imeletewa mtu mpya kutoka Dar, anaitwa Anold, afisa rasilimali watu. Kijana mtanashati, anaamkia kila mtu shikamoo. Agatha, aliyebakiza miaka miwili astaafu, amesifiwa kitenge mpaka akasahau kufunga bomba. Sisi wa kuosha tangawizi tuko wanane, wote wa mkataba wa kudumu, mimi ndiye msimamizi wao. Na kuna maneno kwamba viwanda siku hizi vinaondoa wa kudumu na kuweka vibarua wa wakala, wasio na likizo wala matibabu. Sasa mtu anayeamkia vizuri namna hiyo ametumwa nini? Nilipomuuliza Asheri akageukia ukutani.

Jumatano, 4 Oktoba

Redio inasema El Niño. Wingu limekaa juu ya kilele cha Shengena tangu asubuhi. Kreti mia mbili na kumi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Baragumu limelia saa kumi na mbili asubuhi. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha ndiva, kama kila mwaka kabla mvua haijakaza. Bwawa lile lisipotolewa tope, mifereji haipati maji, na Januari tangawizi za watu zinakauka shambani. Kila nyumba inatoa mtu. Asiyekuja anapigwa faini, na mwenyekiti wetu wa kitongoji, Sifael, kwenye faini hana utani.

Huyu Sifael nimwandike kidogo maana ananikera. Anavaa gambuti hata kanisani. Ana daftari la jalada gumu analolifunga kwa nailoni, na humo anaandika saa, hali ya hewa, nani kaja na jembe, nani kaja na mdomo mtupu. Watu wanasaini kwake wakati wa kuondoka. Mwaka jana aliniandika "amechelewa dakika kumi na moja". Kumi na moja, kama vile tunarusha ndege.

Mwaka huu kiwanda nacho kimekuja, maana tunaoshea maji ya ndiva hiyohiyo. Anold kaleta pikapu, soda na maandazi. Kashika sururu mara tatu, kapigwa picha. Saa saba mvua ikaanza kudondoka, Sifael akiwa ng'ambo ya bwawa, Anold akaniita kwenye boneti. Akasema wafanyakazi wa kiwanda wasaini karatasi ya kiwanda, ili leo ihesabiwe siku ya kazi. Kila mtu na karatasi yake moja, zimebanwa kwenye ubao: jina, tarehe, saini, dole gumba.

Nikaona kijana ana roho nzuri kuliko nilivyomdhania. Nikawaita wenzangu mwenyewe. Agatha alitaka kwanza kufuata miwani kwenye kikapu, nikamwambia, "Mama, ni mahudhurio tu. Saini tutoke mvuani." Maua alikuwa na tope mpaka viwikoni, nikampa ncha ya kanga yangu afute mkono. Kwa dakika tano tulikuwa tumemaliza wote wanane, tukaenda zetu.

Maandazi yalikuwa na mafuta mengi. Mgongo unaniuma.

Jumapili, 8 Oktoba

Ibada. Mvua. Mgongo.

Jumanne, 10 Oktoba

Sifael amekuja kudai faini. Kuku mmoja au elfu kumi, nichague.

Nikamwambia aende akadai kwa waliokuwa wamelala, mimi nimebeba karai la tope mpaka mabega yameisha, na nimesaini. Akafungua nailoni taratibu, akafungua daftari, akaniwekea kidole. Tarehe saba, majina ya watu wa kiwandani, wote wanane, na mbele yake: hayupo, hayupo, hayupo. "Kwangu hujasaini," akasema. Nikamfokea mpaka jirani akatoka nje. Nilimwambia kuku wangu hatamwona hata manyoya. Akaandika na hilo.

Alipokwishaondoka ndipo nikakaa kwenye kigoda. Kama karatasi ile haikuwa ya msaragambo, mimi nilisaini nini?

Jumatano, 11 Oktoba

Nimemuuliza Anold kwa kujikaza. Amecheka. Amesema karatasi ziko ofisi kuu Same mjini, mambo ya utawala, nisiumize kichwa. Halafu akaniuliza nina miaka mingapi kiwandani, na anajua vizuri kuwa ni tisa.

Jumapili, 15 Oktoba

Wenzangu saba wamelipa faini kimyakimya. Mimi nimekataa, nikataka kikao, na kikao kimekaa leo baada ya ibada, nje ya ofisi ya kitongoji. Asheri alinisihi nitoe kuku yaishe. Sikutoa. Si kuku aliyeniuma, ni lile neno "hayupo".

Mashahidi walikuwa wengi. Sifael aliwasikiliza wote kama jaji, kisha akaandika muhtasari na kuusoma kwa sauti: kwamba Eliakunda, mke wa Asheri, alionekana ndivani tarehe 7 Oktoba akibeba tope tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana, kwamba hakusaini daftari la kitongoji kwa sababu alisainishwa karatasi ya kiwanda kwenye gari, faini imefutwa. Muhuri. Akanigeuzia kitabu nisaini, nikasaini bila kutazama, nilikuwa bado na hasira.

Ijumaa, 20 Oktoba

Mvua siku nne mfululizo. Kreti mia moja na sitini.

Jumatano, 25 Oktoba

Anold kapita kwenye mabeseni, hakuamkia mtu. Nimesema moyoni, tayari.

Jumanne, 31 Oktoba

Wametuita saa nane. Bahasha nane za kaki, majina yetu yamepigwa chapa.

"Kufuatia makubaliano uliyosaini kwa hiari yako tarehe 7 Oktoba, ajira yako inakoma leo." Nyuma ya barua kuna nakala ya makubaliano yenyewe, kurasa tatu. Kwamba mimi Eliakunda, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa, nimekaa na mwajiri ofisini kwake Same mjini, tumekubaliana kuachana, nimepokea maelezo yote, na sitakuwa na dai lolote sasa wala baadaye. Kurasa mbili za mwanzo sijawahi kuziona. Ya tatu naijua. Ndiyo ile ya kwenye boneti. Jina langu, tarehe kwa mwandiko wangu, dole gumba langu.

Nilisoma mara mbili. Maneno yakawa yanaogelea.

Agatha alinishika mkono akaniuliza taratibu, bila hasira, "Si ulisema ni mahudhurio?" Nimeandika maneno yake hapa kwa sababu siwezi kuyatoa kichwani. Maua alivua gambuti za kiwanda, akazipanga pamoja, akatoka pekupeku kwenye tope. Mlinzi, ambaye nimekula naye makande miaka tisa, ametusindikiza mpaka getini akitazama chini. Anold alisema anayetaka anaweza kujiandikisha kwa wakala, Januari arudi kama kibarua, mradi asilete fujo.

Naogopa. Sijui niandike nini kingine. Naogopa kiwanda na naogopa kukutana na wenzangu njiani.

Alhamisi, 2 Novemba

Wanasema nililipwa. Nimesikia dukani kwa masikio yangu, kwamba msimamizi hawezi kuwa hajui. Nilirudi bila sukari.

Ijumaa, 3 Novemba

Asheri, ambaye nilidhani hasikii ninachosema, alikumbuka tangazo kwenye mlango wa duka moja karibu na stendi ya Same: msaidizi wa kisheria, bure. Nimeshuka na bodaboda mpaka Ndungu, nikapanda basi, nimefika saa tano.

Anaitwa Nasrin. Mwanamke wa makamo, hijabu ya kijivu, anaongea kidogo. Alisoma kurasa zote tatu tangu neno la kwanza mpaka namba ya chini ya ukurasa, mimi nikisubiri kama mtoto kwa mwalimu mkuu. Kisha akaniuliza kama nilipewa nakala ile siku ya kusaini, kama nilipewa muda wa kufikiri, kama kuna mtu aliyenieleza. Hapana, hapana, hapana.

Akaniambia kuachana kwa makubaliano kupo kisheria, lakini makubaliano ni ya watu wawili wanaojua wanakubaliana nini. Aliyelaghaiwa hajakubali. Na kama hakuna makubaliano, basi tumeachishwa kazi bila sababu, bila notisi, bila kusikilizwa, na hilo linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Moshi. Hapo akainua kidole. Siku thelathini tangu kuachishwa. Mwisho ni tarehe thelathini Novemba. Ukichelewa unaanza kuomba kusikilizwa kabla hujasikilizwa.

"Karatasi itasema ulikuwa Same mjini ukikubali," akasema. "Wewe utasema ulikuwa ndivani. Nani aliandika kwamba ulikuwa ndivani?"

Nikacheka, kisha machozi yakanitoka mbele ya mgeni. Aliyeandika ni Sifael.

Fomu ni moja kwa wote wanane, ila lazima kila mmoja asaini. Na kabla ya kwenda Moshi, nakala apewe mwajiri, agonge muhuri wa kupokea. Yaani nimpelekee Anold kwa mkono wangu. Na wenzangu, niliowasainisha mvuani, niwapelekee karatasi nyingine ya kusaini.

Jumapili, 5 Novemba

Nimemwomba Sifael nakala ya muhtasari. Amesema andika barua. Nimeandika. Ameirudisha, haina tarehe.

Jumatatu, 6 Novemba

Ameirudisha tena, eti nimwandikie kwa cheo, siyo kwa jina. Mimi nahesabu siku, yeye anahesabu vyeo.

Alhamisi, 9 Novemba

Nimepata. Kurasa mbili na muhuri kila mahali. Nilidhani angeogopa, maana kiwanda kimeahidi bati za ofisi ya kitongoji. Kumbe kilichomuuma ni kingine. Alisema kwa uchungu kabisa kwamba kwenye msaragambo wake hakujawahi kuwa na karatasi ya pili, tangu enzi za baba yake. Akanitaka nisaini kitabu cha kupokea barua. Nikasoma kwanza. Akaniangalia.

Lakini muhtasari una jina langu peke yangu. Wenzangu walilipa faini, na kwenye daftari bado wameandikwa hayupo. Kulipa kwao ni kama kukiri kwamba hawakuwepo.

Ijumaa, 10 Novemba

Kiwanda kimekataa tangawizi ya Asheri. Magunia kumi na mawili. Wamesema ina udongo. Tangawizi gani haina udongo? Asheri ameyarudisha yote, akaanza kuyaosha moja moja kwenye mfereji. Nilimtazama mgongo wake nikaogopa kuliko nilivyoogopa bahasha.

Jumanne, 14 Novemba

Kona ya chini imeporomoka. Hakuna gari linalopanda wala kushuka. Zimebaki siku kumi na sita.

Alhamisi, 16 Novemba

Anold amepiga simu. Sauti ya asali. Ameanza na shikamoo.

Anajua nilikwenda Same. Anajua nina muhtasari, sijui kaambiwa na nani. Amesema ananiheshimu, mimi ni mtu wa kazi, na kiwanda kitahitaji msimamizi wa vibarua. Mkataba mpya, wangu mimi, kuanzia Januari. Tangawizi ya mzee itapokelewa kesho. Ninachotakiwa ni kuliacha jambo lipite. Nikamuuliza na wenzangu je. "Mama Eli, wenzako hawana karatasi kama yako," akasema. "Usizame na wasiojua kuogelea."

Sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe: nilitaka. Nilikaa jikoni simu mkononi, nikijiambia wao wenyewe wananiita msaliti, basi nivae joho walilonishonea. Nilimfikiria Asheri anaosha magunia ya tangawizi mferejini. Nilimfikiria Elirehema, mwanangu, na ada ya Januari. Nimemwambia Anold nitamjibu Jumatatu. Asheri nimemweleza yote. Amesema tu kwamba magunia matatu kayauza kwa mchuuzi wa Ndungu, yatabebwa kwa kichwa mpaka ng'ambo ya poromoko, nisimweke yeye kwenye mizani.

Jumamosi, 18 Novemba

Agatha amekuja. Nilimwona kwenye uchochoro nikataka kujificha chooni, nasema kweli. Kaja na bakuli la makande limefunikwa na kile kitenge alichosifiwa. Amekaa, ametoa bahasha ya kaki, amesema miwani yake imevunjika kioo kimoja na watoto hawamsomei vizuri. Anataka kujua aliachaje kazi. Nimsomee.

Nikasoma. Ukurasa wa kwanza nilienda vizuri. Wa pili, nilipofika "kwa hiari yangu mwenyewe", sauti ikakatika. Nikaanza tena, ikakatika palepale. Agatha akaniambia nisome tu, anasikia. Nilipomaliza nikamwomba radhi. Nilisema sikujua, na kwamba kutojua kwangu ndiko kulikomponza, maana yeye alitaka kufuata miwani. Akasema hata angevaa miwani angesaini, kwa sababu ni mimi niliyemwita. Hilo liliniuma kuliko angenitukana.

Kisha akauliza ile fomu ya Moshi inasemaje. Nikaisoma yote, na maelezo madogo ya pembeni. Akachukua kalamu. Amesaini wa kwanza.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimemjibu Anold kwa ujumbe, maana kwa sauti nisingeweza. Hapana, asante. Nimezima simu nusu siku. Saini sita, ukiacha yangu. Kila mmoja nimemsomea tangu juu, wengine mara mbili. Mmoja alinisimamisha mlangoni, mvua inaninyea, nikasomea hapohapo. Nilistahili.

Amebaki Maua, na Maua amerudi kwao Ndungu.

Alhamisi, 23 Novemba

Jana nimeshuka kwa miguu. Kwenye poromoko unatembea kwa kushika mizizi, chini unaona kijito kimekuwa mto mwekundu. Fomu niliifunga kwa nailoni kifuani, na nilikiri moyoni kwamba Sifael na nailoni zake hakuwa mwendawazimu.

Maua nilimkuta uani kwa mama yake anapepeta mchele. Mama yake alinikaribisha chai, Maua hakunikaribisha kitu. Nikaanza kusoma, akasema nimpe. Akasoma mwenyewe, taratibu, anafuata kwa kidole, na nilimwona akirudia mistari. Chai yangu ikapoa. Aliuliza kwa nini wameandika "walalamikaji", nani kalalamika. Nikamweleza. Akasoma tena.

"Sijakusamehe," akasema. "Nasaini kwa ajili yangu."

Nilimshukuru. Akaniambia nilale, njia ya juu haipitiki jioni, na akanitandikia mkeka bila kunitazama. Asubuhi alikuwa amevaa viatu. Alisema anakuja kuona kama kweli nitampa Anold.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimempa.

Kutoka getini hadi ofisini ni hatua sitini, leo nimezihesabu. Agatha kushoto, Maua nyuma. Nilipotaka kusema naomba kuonana na afisa ilitoka sauti ya mtu mwingine. Anold aliichukua fomu akaisoma kwa kutabasamu, akaegemea kiti. Nasrin alinifundisha akikataa kupokea niandike kwamba amekataa, mashahidi wasaini. Nilikuwa nayarudia maneno hayo moyoni nisiyasahau.

Hakukataa. Aligonga muhuri kwa nguvu mpaka kikombe kikaruka. "Nendeni tu," akasema. "Saini yako ninayo tayari, Mama Eli. Na ya kila mmoja wenu ninayo."

Nje nilitapika kwenye majani kando ya kibanda cha mlinzi. Maua akanishikia kanga yangu isichafuke.

Jumapili, 26 Novemba

Mvua. Hakuna basi Ndungu. Siku nne.

Jumatatu, 27 Novemba

Mvua. Hakuna basi. Siku tatu.

Jumanne, 28 Novemba

Tumeshuka mimi na Maua, tumelala tena kwao. Wanasema daraja la mbele maji yamepungua, lori la mpunga huenda likajaribu alfajiri. Siwezi kula.

Jumatano, 29 Novemba

Lori lilijaribu. Katikati ya maji injini ilizima, nikaanza kusali kwa sauti, na Maua naye akisali kwa namna yake, hatukuulizana. Ikawaka. Same saa tatu, Nasrin alikuwa stendi na kabrasha. Moshi saa sita na nusu. Karani wa Tume alipindua fomu, akahesabu saini kwa ncha ya kalamu, nane, akatazama muhuri wa kiwanda, akagonga wa kwake. Imepokelewa, 29 Novemba.

Niliomba nakala mbili zenye muhuri ule.

Jumanne, 12 Desemba

Usuluhishi. Chumba kidogo, meza moja, feni haifanyi kazi. Msuluhishi ni baba mpole mwenye kikohozi. Alianza kwa kusema yeye si hakimu, kazi yake ni kutusaidia tuelewane, na tusipoelewana jambo litakwenda mbele kwa mwamuzi.

Anold alikuja na mwanasheria na faili jekundu zuri. Mwanasheria akaeleza kwamba Jumamosi tarehe saba wafanyakazi wanane walichukuliwa na gari la kiwanda mpaka ofisi kuu Same mjini, wakaelezwa, wakasaini mezani kwa hiari. Nasrin akatoa muhtasari wa Sifael. Mwanasheria akausoma, akasema vizuri, huyu ni mmoja, na hao saba? Akatoa nakala ya daftari la kitongoji, sijui waliipataje. Hayupo, hayupo, hayupo. "Hawakuwa ndivani kwa sababu walikuwa Same," akasema. Niliwatazama wenzangu kwenye benchi. Agatha alikuwa amefumba macho. Nilijua inakwisha, na kwamba itakwisha mimi nikiwa nimepona peke yangu, na watu kijijini watasema, "Ndivyo tulivyosema."

Nasrin hakubishana. Aliomba tu waonyeshe karatasi zenyewe, siyo nakala. Anold akafungua faili kwa fahari, maana alizipanga kwa alfabeti, kila moja kwenye mfuko wake. Msuluhishi akavaa miwani, akafungua ukurasa wa tatu wa makubaliano ya kwanza. Akapindua. Akaupeleka dirishani.

Kwenye nakala zetu lilionekana vumbi jeusi tu la mashine, hatukulijali. Kwenye karatasi zenyewe ni tope. Tope jekundu la ndivani, limekauka na dole gumba ndani yake, na matone ya mvua yamesambaza wino wa tarehe. Ukurasa wa kwanza na wa pili ni safi, wa tatu una tope. Ya Agatha hivyo. Ya Maua imeenea mpaka kwenye jina. Zote nane. Anold alikaa na karatasi zile miezi miwili, na mtu wa ofisi uchafu wa karatasi haumwambii kitu.

Msuluhishi alizipanga mezani, akakohoa, akauliza kwa upole kabisa kama ofisini Same mjini wafanyakazi husainia nje, mvuani, kwenye tope. Mwanasheria akaomba dakika kumi za kupiga simu. Walikaa nje saa nzima na robo, na mimi muda wote huo sikutoa macho mlangoni, kwa sababu sijazoea kuona mkubwa akiishiwa maneno, na sikujua akirudi atarudi na nini.

Ijumaa, 15 Desemba

Nasrin kapiga simu. Kiwanda kimesaini makubaliano mapya, na yeye kasoma kila ukurasa. Makubaliano ya Oktoba yamefutwa, tunarudi tarehe mbili Januari kwa mkataba uleule, miezi hii miwili inahesabiwa kazini. Anold bado yupo. Nitamwona kila siku. Asheri kacheka, kachinja yule kuku niliyekataa kumpa Sifael. Mimi nimekula kidogo. Bado nikisikia pikapu nasimama.

Jumamosi, 16 Desemba

Baragumu saa kumi na mbili. Msaragambo wa kufukua kona iliyoporomoka. Tulikuwa watu zaidi ya mia, mvua nyembamba inanyesha, udongo mzito. Saa saba Sifael akatandika nailoni juu ya jiwe, akafungua daftari, akaniita wa kwanza, nadhani ili amalize shari mapema.

Nikaanza juu. Tarehe, kitongoji, jina la kazi, hali ya hewa, saa ya kuanza. Tope lilikuwa linadondoka kutoka mkononi mpaka kwenye mguu wangu. Nyuma yangu mstari ulikuwa mrefu. Mtu akaguna. Sifael akasema, "Mama Eli, ni mahudhurio tu."

Nikamwambia najua. Nikasoma mpaka chini, nikasaini, nikampa Agatha kalamu. Agatha akaomba kwanza apewe kikapu chake. Akatafuta miwani, ile yenye kioo kimoja, akaivaa, akaanza juu kabisa. Maua akakaa chini kwenye jiwe kusubiri zamu yake ya kusoma, na hakuna aliyeguna tena.